Kuchonga bushi 24 za mashine ya miwa: mwongozo wa oda ndogo karakanani

Mtu anayeunda mashine za kukamulia miwa huja karakanani na bushi moja iliyolika (silinda fupi yenye tundu ambamo shafti huzunguka), anaiweka mezani na kusema, "Fundi, nichongee kama hii. Nataka ishirini na nne." Mashine yake moja ina roli tatu, kila roli inashikwa na bushi mbili, kwa hiyo anaunda mashine nne. Oda za ukubwa huu ndizo zinazolisha karakana nyingi, iwe Gerezani jijini Dar es Salaam, Kariobangi Nairobi, au kwenye mitaa ya viwanda vya SIDO, shirika la viwanda vidogo Tanzania, mikoani. Ni nyingi mno kuzichonga kwa kubahatisha, na ni chache mno kwa kiwanda kikubwa kuzishughulikia.

Mafundi wengi huishughulikia oda hii kwa kuchonga bushi moja mpaka mwisho, kisha kurudia mara ishirini na nne. Matokeo yake ni bushi ishirini na nne ambazo kila moja ina kipimo chake, na fundi aliyechoka asiyejua faida imeenda wapi. Ninachokitetea katika mwongozo huu ni kinyume chake: maliza hatua moja kwa vipande vyote, ndipo uende hatua inayofuata, na tumia muda mwingi kabla mashine haijawashwa. Oda ndogo hupata faida au hasara kwenye maandalizi.

Nimechukua bushi ya bronzi kwa mfano kwa sababu ni kazi ambayo kila mwenye mashine ya kukereza ameshaigusa. Mpangilio huohuo unafaa kwa pini, puli, spesa au shafti fupi.

Hatua ya 1: Usipime bushi iliyolika

Bushi mbovu haina vipimo tena. Imelika ndani, imebonyea nje, na pengine iligongwa kwa nyundo wakati wa kuitoa. Kazi yake iliyobaki ni kukueleza ilivyokufa. Ikiwa imelika upande mmoja tu, huo ndio upande roli zinakosukumiwa na muwa. Ikiwa imepanuka mdomoni na kubaki nzima katikati, shafti imepinda au hauzingi mbili (makazi ya chuma ambamo bushi hukaa) hazitazamani sawasawa, na hapo bushi mpya nayo haitadumu. Mwambie mteja hivyo kabla hujapokea pesa yake.

Vya kupima ni shafti na hauzingi. Mwombe mteja alete moja ya kila kimoja, na akisema mashine iko mbali, mfuate. Shafti ipime kwa maikromita (kifaa kinachosoma mpaka elfu za milimita) sehemu tatu za urefu, na kila sehemu mara mbili ukiwa umeizungusha robo duara, ili uone kama bado ni mviringo kweli. Tundu la hauzingi lipime vivyo hivyo. Venia, ile rula yenye taya, inatosha kwa urefu, lakini kwa mahali panapobanwa au panapozunguka haitoshi, hata iwe ya kidijitali yenye tarakimu nzuri kwenye kioo.

Kisha chora. Mchoro wa penseli kwenye daftari unafaa, ilimradi kila kipimo kina namba mbili: kidogo kabisa kinachokubalika na kikubwa kabisa kinachokubalika. Kwa mfano wetu, tuseme shafti ni milimita 30.00 na hauzingi imechongwa kwa kiwango cha H7, yaani kati ya 40.000 na 40.025. Bushi itaandikwa hivi:

- kipenyo cha nje: 40.026 hadi 40.042 (ndiyo p6 kwenye majedwali ya ISO, bushi inaingia kwa kubanwa)
- kipenyo cha ndani kabla ya kubanwa: 30.06 hadi 30.08
- urefu: 39.8 hadi 40.0
- kona za nje na za ndani zivunjwe milimita 1

Angalia tofauti. Nje tuna nafasi ya elfu 16 za milimita tu, yaani 0.016, wakati urefu una nafasi ya sehemu mbili za kumi. Si kila kipimo kinastahili jasho. Ukichonga urefu kwa umakini uleule wa kipenyo, unamuuzia mteja kitu asichokihitaji na unajilipisha mwenyewe gharama yake.

Kuhusu kipenyo cha ndani: bushi ikibanwa ndani ya hauzingi, tundu lake hupungua. Ndiyo maana tunalichonga kubwa kidogo, likishabanwa libaki na mwanya wa takriban elfu 40 hadi 60 za milimita juu ya shafti. Kanuni ya zamani ya mafundi ni mwanya wa sehemu moja ya elfu ya kipenyo, yaani 0.03 kwa shafti ya 30. Mimi huongeza kwa mashine ya miwa, kwa kuwa inazunguka taratibu, inalishwa grisi kwa mkono, na maji yake yenye sukari yakikauka hugeuka gundi.

Hatua ya 2: Bronzi ipi, na kwa nini si yoyote

Hapa naomba usikimbie. Bronzi ya bushi inayouzwa zaidi ni ile inayojulikana kama SAE 660. Ni nzuri kuchonga, chenga zake (mabaki yanayotolewa na kisu) zinakatika fupi, na inavumilia grisi kidogo. Sababu ya uzuri huo ni risasi: ina takriban asilimia 7 ya madini hayo. Kwenye trekta au lori hilo halina neno. Kwenye mashine ambayo juisi yake inanywewa na mtoto aliyetoka shule, lina neno kubwa. Juisi ya miwa ina asidi kidogo, inatiririka kwenye ncha za roli, na bushi ziko palepale. Risasi haina kiasi salama mwilini mwa mtoto.

Kwa hiyo agiza bronzi ya fosfori isiyo na risasi, ile yenye shaba nyekundu na bati. Ni ngumu zaidi kwa kisu na bei yake iko juu, lakini mweleze mteja sababu. Wateja wengi wakielezwa wanaelewa, maana nao wanataka kuuza mashine bila hofu. Kwa sababu hiyohiyo, usitumie bronzi iliyoyeyushwa mtaani kutoka kwenye koki za zamani na rejeta, hata kama muuzaji ni rafiki yako. Hakuna anayejua kilichomo ndani yake. Ukiwa na shaka na nondo uliyonunua, uliza maabara inayopima metali. Taasisi za utafiti wa viwanda kama TIRDO Dar es Salaam na KIRDI Nairobi ni mahali pa kuanzia.

Sasa hesabu ya uzito, kwa sababu bronzi inauzwa kwa kilo. Bushi yetu ina urefu wa 40. Ongeza milimita 2 za kusawazisha nyuso mbili na 2 za njia ya msumeno: 44 kwa kila kipande. Chukua vipande 26 na si 24, maana utahitaji kimoja cha majaribio na kimoja cha akiba. Hiyo ni milimita 1,144. Nunua mita 1 na sentimita 20.

Nondo ya mviringo ya milimita 45 yenye urefu huo ina uzito wa karibu kilo 16.8. Bushi 26 zilizokamilika zina uzito wa kilo 5 tu. Zaidi ya theluthi mbili ya pesa yako inaanguka chini ya mashine ikiwa chenga. Ukipata bronzi yenye tundu tayari, mfano 45 nje na 25 ndani, uzito unashuka hadi kilo 11.6 na unaokoa pia muda wa kutoboa. Itafute kwanza kabla ya kukubali nondo nzima, hata kama bei yake kwa kilo iko juu kidogo.

Chenga nazo ni mali. Kabla hujaanza, safisha sinia ya mashine iondokane na chenga za chuma, halafu kusanya za bronzi peke yake. Zikiwa safi zina bei. Zikichanganyika na chuma na mafuta, bei inaanguka. Na kubalianeni mapema zitakuwa za nani. Kama mteja ndiye aliyenunua bronzi, chenga ni zake mpaka aseme vinginevyo.

Hatua ya 3: Bei

Gawa muda katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni maandalizi: mchoro, kunoa visu, kutengeneza geji na mandreli (tutaviona hatua ya 4), kupanga mashine. Fungu la pili ni muda wa kila kipande. Tuseme maandalizi ni saa 3 na kila bushi inachukua dakika 18. Mteja akitaka bushi moja, kazi ni saa 3 na dakika 18. Akitaka 24, maandalizi yanagawanyika na kuwa dakika saba na nusu kwa kila bushi, jumla dakika ishirini na tano na nusu. Mwonyeshe hesabu hii. Ataelewa kwa nini bushi moja ni ghali hivyo, na mara nyingi ataongeza oda mwenyewe ili apate za akiba.

Malipo ya awali yafunike bronzi yote. Usiweke mtaji wako kwenye kilo 12 za bronzi iliyokatwa kwa vipimo ambavyo hakuna mtu mwingine anavihitaji.

Hatua ya 4: Tengeneza geji na uipange mandreli kabla ya bushi

Vifaa hivi viwili hugeuza kazi ya kubahatisha kuwa kazi ya uhakika, na unavitengeneza mwenyewe kwa mabaki ya chuma.

Geji ya tundu ni kipande cha chuma chenye ncha mbili. Ncha moja ichonge 30.06, nyingine 30.08. Malizia kwa msasa laini na mafuta, na upime kwa maikromita mpaka uridhike. Ncha ya kwanza lazima ipite ndani ya kila bushi bila kulazimishwa. Ya pili isipite. Ikipita, bushi imeharibika. Weka alama ya rangi nyekundu kwenye ncha isiyotakiwa kupita, kwa sababu saa kumi jioni macho yamechoka na ncha zote zinafanana. Geji hii inakagua tundu kwa sekunde chache, na pia inagundua tundu ambalo si mviringo kamili, jambo ambalo venia haikuonyeshi.

Mandreli ni shafti fupi ya kushikia bushi kwa ndani ili nje ichongwe ikiwa sambamba na tundu. Chonga chuma kwenye chaki (sehemu ya mashine yenye taya zinazoshika kazi), kipenyo 30.05, urefu pungufu kidogo ya bushi, kiwe na bega upande wa chaki na nyuzi za nati na washa upande wa mbele. Kipenyo cha bega na cha washa kiwe chini ya 40, ili kisu kipite urefu wote wa bushi bila kugusa chochote. Tundu la senta mbele litasaidia mkia wa mashine kuegemeza. Mandreli hii utaichonga utakapofika hatua ya kuchonga nje, na ukishaichonga usiitoe kwenye chaki mpaka bushi ya mwisho imekamilika. Ukiitoa na kuirudisha, haitazunguka tena kwenye kitovu kilekile.

Nimeona mafundi wazuri wakiruka vifaa hivi kwa kusema oda ni ndogo. Kwa bushi tatu, sawa. Kwa ishirini na nne, muda wa kuvitengeneza unarudi kabla hujafika bushi ya kumi.

Hatua ya 5: Visu na mwendo

Bronzi ina tabia mbili za kuangalia. Kwanza, hupenda kuvuta kisu au kekee ndani kwa ghafla. Kekee iliyonolewa kwa ajili ya chuma ina makali yanayochimba. Yapunguze kidogo kwa jiwe la mafuta ili yakwangue badala ya kuchimba. Pili, bronzi ya fosfori ikipata joto hubana kekee tunduni. Toa kekee mara kwa mara, ondoa chenga, ongeza kipozeo.

Mwendo wa mashine upate kwa hesabu: zidisha mwendo wa kukata wa mita kwa dakika kwa 318, kisha gawanya kwa kipenyo cha milimita. Kwa kisu cha hai-spidi (chuma maalumu cha visu) kwenye bronzi ya fosfori anzia mita 30 kwa dakika. Kwa nondo ya 45 ni mizunguko 212. Chagua gia iliyo karibu. Kisu cha kabaidi, ambacho ni kigumu zaidi, kinaruhusu mara tatu ya hapo, lakini kwenye mashine kuukuu ya Colchester au ya Kichina yenye spindo iliyochoka, hai-spidi iliyonolewa vizuri mara nyingi inaacha uso laini zaidi, na inanoleka palepale karakanani.

Kisu cha kupanulia tundu kiwe kinene kadiri tundu linavyoruhusu, na kisitokeze nje ya kishikio zaidi ya mara nne ya unene wake. Kikitokeza zaidi kitatetemeka na tundu litakuwa na mawimbi.

Hatua ya 6: Bushi ya kwanza ndiyo hakimu

Chukua kipande kimoja na ukipitishe hatua zote mpaka mwisho. Kwa bushi hii peke yake utavunja kanuni ya kumaliza hatua moja kwa vipande vyote, na kwa mandreli yake itabidi utengeneze ya muda. Ni gharama inayolipa.

Ipime kila mahali na uandike. Kisha ibane kwenye hauzingi ya mteja, kwa presi au jiliwa, na upime tundu tena ikiwa ndani. Tuseme lilikuwa 30.07 na sasa ni 30.05: limepungua elfu 20 za milimita. Sasa unajua, hukisii. Ingiza shafti, izungushe kwa mkono. Inazunguka kwa wepesi bila kucheza? Vipimo vyako vya mchoro vimethibitika. Inagoma? Badilisha kipimo cha tundu kwenye mchoro, rekebisha geji, na umepoteza kipande kimoja tu badala ya ishirini na nne.

Mwite mteja aje aione na aizungushe mwenyewe. Akikubali, aweke sahihi kwenye mchoro. Kama yuko Mombasa na wewe uko Dar es Salaam, mtumie video fupi na picha ya maikromita, na usiendelee mpaka ajibu kwa maandishi.

Hatua ya 7: Kuchonga, hatua kwa hatua kwa vipande vyote

Kata vipande vyote kwa msumeno, kila kimoja 42. Weka kizuizi kwenye msumeno ili usipime kila mara. Kipande cha chuma kilichofungwa kwa klampu kinatosha.

Sawazisha uso mmoja wa kila kipande na kukitoboa. Kama nondo ni nzima, anza na kekee ya 10, kisha malizia na ya 28. Kama ilikuja na tundu la 25, ruka kekee na upanue kwa kisu mpaka 28. Vipange vipande kwenye ubao safi, uso uliosawazishwa ukiwa juu.

Geuza, sawazisha uso wa pili mpaka urefu utimie. Hapa ndipo kizuizi ndani ya chaki kinapofanya kazi: kila kipande kikiegemea mahali palepale, kisu kikisimama kwenye namba ileile ya kipimo cha gurudumu, urefu unajitokea wenyewe. Kona ya ndani iache kwanza, utaivunja tundu likishafika kipimo cha mwisho.

Sasa acha vipande vipoe kabisa. Ikiwezekana lala, endelea kesho. Watu wengi hupuuza jambo hili, na lina hesabu yake. Bronzi hutanuka karibu sehemu 18 za milioni za urefu wake kwa kila nyuzi moja ya joto. Bushi ya milimita 40 iliyotoka kwenye kisu ikiwa na joto la nyuzi 40 juu ya hewa ya karakana imetanuka takriban elfu 29 za milimita. Nafasi yetu yote nje ni elfu 16! Ukiipima ikiwa moto na kuona imefika, kesho itakuwa ndogo na haitabana tena. Dunia ya vipimo ilikubaliana mwaka 1931 kwamba vipimo vyote vya viwandani vinahesabiwa kwenye nyuzi 20 za Selsiasi. Dar es Salaam hatushuki mpaka huko mchana, lakini hilo si tatizo ilimradi bushi, geji na maikromita vyote viko kwenye joto moja. Usiiache maikromita juani wala mfukoni mwa ovaroli.

Vikishapoa, panua matundu yote mpaka kipimo cha mwisho. Usikaze chaki kwa nguvu zako zote: taya tatu zinabonyeza bushi sehemu tatu, unapanua tundu likiwa mviringo, ukilegeza chaki bushi inarudi na tundu linakuwa na kona tatu zisizoonekana kwa macho. Kaza vya kutosha, acha sehemu ya kumi ya milimita kwa mkato wa mwisho, na kabla ya mkato huo legeza chaki kidogo. Kisha pitisha kisu, na urudie mara moja bila kuongeza kina ili kiondoe kilichobaki kwa sababu ya kupinda. Geji ipite kila bushi ingali kwenye chaki, lakini ipoze kwanza kwa kipozeo au hewa ya kawaida.

Baada ya hapo chonga mandreli, na upitishe bushi zote kwa upande wa nje. Chonga ghafi mpaka 40.3 kwa bushi zote, ziache zipoe, halafu pitisha mkato wa mwisho. Bushi ya kwanza baada ya kila kunoa kisu ipime kwa maikromita mara mbili. Baada ya hapo pima moja kila tano. Ukiona vipimo vinapanda polepole, mfano 40.030, 40.034, 40.038, kisu kinalika. Elfu chache bado zipo kabla ya kikomo cha 40.042, lakini usisubiri ziishe. Vunja kona ya nje milimita 1 upande utakaoingia kwanza kwenye hauzingi.

Umeme ni sehemu ya mpango huu. Ukikatika kisu kikiwa ndani ya chuma, kabaidi huvunjika pale chaki inaposimama. Ukiona taa zinafifia, rudisha kisu nje mara moja. Na umeme ukikatika, zima swichi ya mashine, ili ukirudi mashine isijiwashe ukiwa umeinama juu yake.

Kuhusu mwili wako: hakuna glovu kwenye mashine inayozunguka, hata siku ya baridi Njombe au Limuru. Glovu ikishikwa inavuta mkono mzima. Mikono mirefu ya shati ikunjwe juu ya kiwiko, shanga na mkufu vibaki nyumbani, nywele ndefu zifungwe. Ufunguo wa chaki usiachwe kwenye chaki hata kwa sekunde moja. Miwani ivaliwe, kwa sababu chenga za bronzi ni kama sindano na zinaruka mbali. Usizipulize kwa kompresa, tumia brashi.

Hatua ya 8: Tundu la grisi na mfereji

Bushi isiyopata grisi itakufa haraka hata ikiwa imechongwa kwa ustadi gani. Toboa tundu la milimita 6 linalolingana na nipeli ya hauzingi, pale grisi inapoingizwa. Ili matundu 24 yawe mahali pamoja, tengeneza kiongozi: kipande cha bomba ambamo bushi inaingia vizuri, chenye tundu moja la kuelekeza kekee. Kisha chora mfereji ndani kutoka kwenye tundu kuelekea pande zote mbili. Zima mashine, zuia spindo isizunguke, na tumia kisu cha kupanulia kama randa kwa kukisukuma mbele na nyuma. Mfereji ukome milimita 5 kabla ya kila mwisho, la sivyo grisi itatoka nje na kuingia kwenye juisi. Na usiuweke upande wa mgandamizo. Hapo utakata utando wa grisi pale unapohitajika zaidi. Mwambie mteja atumie grisi ya mitambo ya chakula. Inapatikana, inagharimu zaidi, na haina mbadala kwenye kazi hii.

Hatua ya 9: Kukagua na kukabidhi

Ondoa makali yote kwa tupa laini na kikwaruzi, osha bushi kwa mafuta ya taa, zifute, halafu zioshe tena kwa maji ya moto na sabuni kwa sababu zinakwenda kwenye mashine ya chakula. Zikikauka, zipitishe moja moja kwenye geji na maikromita. Bushi yoyote iliyo nje ya mchoro itolewe kwenye kundi, hata kama kosa ni dogo na hata kama mteja hawezi kuligundua. Ile ya akiba ipo kwa ajili hiyo.

Andika vipimo vya kila bushi kwenye karatasi na umpe mteja nakala. Mafundi wachache hufanya hivi, na wanaofanya hivi hawabishani na wateja. Zifunge kila moja kwenye karatasi, zisigongane kwenye boksi. Pigo moja kwenye ukingo linatosha kuizuia kuingia kwenye hauzingi.

Kabla hujaweka vifaa mahali pake, andika kadi ya kazi: kisu gani, mizunguko mingapi, namba za gurudumu, tundu lilipungua kiasi gani baada ya kubanwa, bronzi ilinunuliwa wapi. Piga picha ya mashine ilivyopangwa. Geji itie mafuta, iandike jina la mteja na uihifadhi pamoja na kadi. Akirudi na oda nyingine, saa tatu za maandalizi zinashuka sana, na unaweza kumpunguzia bei bila kujiumiza.

Kama oda zake zikikua kufikia mamia, au bushi ikawa na umbo la kupinda ambalo mkono hauwezi kurudia, mpeleke kwenye karakana yenye mashine ya CNC, inayoongozwa na kompyuta, na ukubali kufanya kazi nao. Mchoro na geji yako bado vitahitajika huko. Lakini kwa ishirini na nne za mviringo, mashine ya mkono iliyopangwa vizuri inatosha.

Mwisho, mweleze anayezifunga: bushi isigongwe kwa nyundo moja kwa moja. Aipake mafuta mepesi nje, aielekeze tundu la grisi litazamane na nipeli, kisha aivute ndani kwa bolti ndefu na washa mbili nene, akikaza taratibu mpaka ikae. Akihisi imeegemea upande mmoja, airudishe nje na kuanza upya ingali haijaingia zaidi ya milimita chache.